Tulitoka Tukicheka, Ukuta Ungali Pale

Mgeni rasmi, Papa Msimamizi wa kamati ya mji ya kuzuia majanga, gari yako hupita barabara ya juu kila juma, vioo vimepandishwa, nawe unatazama upande wa ziwa. Upande wa ziwa ni mzuri, hatubishi. Sisi tuko upande ule mwingine, na tumeungua mara nyingi wewe ukitazama maji. Leo umeketi na uso wako uko kwetu. Karibu Cimpunda, karibu kwa moyo mweupe. Ila utuvumilie, maana umetazama pembeni muda mrefu na hatuwezi kukusalimia kwa maua peke yake.

HISTORIA YETU

Sisi ni Kikundi cha Vichekesho Toka Kwanza. Tuko wauza makala, washona viatu, wanafunzi na maman wa sokoni. Aliyetuanzisha ni Maman Asumini, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, muuza mandazi.

Papa, unaukumbuka moto mkubwa uliopita? Sisi tunaukumbuka. Maman Asumini alikuwa nje, dada yake Maisara alikuwa ndani ya kichochoro. Mbele ya Maisara kulikuwa na kanape, kiti kirefu cha salon, mbele ya kanape kulikuwa na godoro, na mbele ya godoro wanaume wawili waligombana nani apitishe televisheni yake kwanza. Maisara alikuwa na miguu ya kukimbia. Vilivyomfungia njia ni viti vya salon.

Ulikuja kutoa pole. Ulivaa viatu vyeupe, hatujasahau. Ulisimama mbele ya ukuta wa depo ya sima, ghala la saruji, ule ukuta ambao mwenye depo aliujenga katikati ya njia ya watu wote akafunga mwisho wa kichochoro chetu. Watu wako wakaupaka msalaba mwekundu, maana yake ubomolewe. Tukapiga makofi. Msalaba ukafifia kwa mvua, kisha mwenye depo akapaka chokaa juu yake, na leo ukuta ni mweupe kama viatu vyako vya siku ile.

Maman Asumini alilia mwaka mzima. Alizunguka nyumba kwa nyumba na picha ya dada yake, akiwaomba watu wasiweke vitu njiani, na siku ya moto wasibebe chochote. Walimpa kiti, wakampa chai, wakalia naye kidogo. Akitoka nje alijikwaa juu ya mbabula, jiko la makala la mtu yuleyule aliyelia naye.

Siku moja, kwenye matanga ya jirani, aliulizwa mambo yalikwendaje siku ile ya moto. Badala ya kueleza, alichukua mto wa kiti, akaukumbatia kama mume anayemuaga mkewe, akaigiza mwanaume aliyekwama kichochoroni akiubembeleza. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Asubuhi yake mama mmoja aliondoa mbabula yake njiani bila kuombwa. Maman Asumini aliiona ile nafasi tupu, akapita bila kujikwaa. Alikuwa amewalilia mwaka mzima bila faida. Basi atawachekesha.

MAFANIKIO

Alijichora sharubu kwa makala, akajifunga godoro la sponji mgongoni, akajiita Papa Godoro. Kila Jumapili baada ya misa tulicheza mchezo uleule na watu walizidi kuja, hata wale waliojua kila neno. Papa Godoro huoa godoro lake. Papa Godoro humwacha bibi ndani ya moshi arudi kuchukua rimoti.

Kijana wetu Héritier, anayepiga makelele ya muziki kwenye arusi za mji huu, alileta mikro yake ya kupaza sauti na ngoma. Wewe unajua mambo ya mabanga, Papa, maana jina lako tumelisikia ndani ya nyimbo: mwenye pesa hulipa ili mwimbaji amtaje. Héritier akayatupa bure. Aliyeacha njia wazi mbele ya mlango wake alitajwa kama waziri. Aliyeifunga alitajwa pia, na hakupenda. Katika wiki chache ndoo, matofali na mbabula zilianza kurudi ndani ya nyumba.

Kisha tukatunga dansi. Watoto mbele, mikono juu ya bega la aliyetangulia, hatua fupi, hakuna kusukumana, na wote wanaimba: usibebe kitu kisichopumua. Kwa kuwa ukuta umefunga njia, dansi yetu ilipita katikati ya nyumba ya Papa Grégoire, inaingia mlango wa mbele, inatokea mlango wa nyuma. Yeye alikubali kwa sharti moja, kwamba Héritier amtaje kwa jina la Patron.

Halafu ikaja Jumapili ile. Maman Asumini alikuwa katikati ya mchezo, godoro mgongoni, alipoona moshi mweusi juu ya manjanja, mabati ya nyumba za juu. Héritier aliuona pia, akapiga kelele ya moto kwenye mikro. Watu wakapiga makofi, maana ndivyo mchezo unavyoendelea. Maman Asumini alifuta sharubu, akawaambia kwamba safari hii ni kweli. Wakacheka zaidi. Alisema baadaye kwamba pale alijiambia: amewafundisha kucheka, na sasa watacheka mpaka waungue.

Akamsogelea Héritier, akamwambia polepole, "Usiseme tena moto. Piga dansi."

Ngoma ikalia. Watoto wakaenda mbele, mikono ikapanda mabegani, na kichochoro kizima kikaanza kushuka kikiimba, nusu yao hawajui bado wanakimbia nini. Joto lilipowafikia mgongoni ndipo walipojua, na hata hapo mstari haukukatika.

Mstari ukasimama mlangoni kwa Papa Grégoire. Patron alikuwa ameuona moshi mapema, akaanza kuokoa kanape yake. Ilikuwa imekwama katikati ya mlango wa mbele, miguu minne nje, na yeye ndani nyuma yake anasukuma. Nyuma yetu mbao zilikuwa zinapasuka.

Wanaume wakaanza kumtukana. Yeye akazidi kusukuma. Alisema ile kanape ilikuwa ya ndoa yake, haiachi.

Maman Asumini alipita mbele. Kanape nyingine, njia nyingine iliyofungwa, na safari hii watoto ndio walikuwa mbele. Akajitupa juu ya ile kanape, akaikumbatia, akatoa sauti ya Papa Godoro.

"Bibi yangu, basiseme nikuache. Weye uko na mikono mbili na miguu ine, ile bibi ingine iko na mikono tu na maneno. Papa Grégoire, mutuzike sisi wawili mu sanduku moja, lakini fundi aifanye ya manene."

Mtoto mmoja akacheka. Kisha wote, pale pale, moto ukija. Papa Grégoire akaziangalia zile nyuso, akajiona. Héritier akamtaja kwenye mikro, pole, bila mbwembwe: "Patron Grégoire, mutu wa njia wazi."

Akaachia. Akaivuta kanape ndani, pembeni, akaubana mlango ukutani kwa mgongo wake, akasema tu, "Mupite, bana. Mupite."

Tulipita salon yake, juu ya zulia lake, kando ya sufuria ya bugali. Yeye alitoka wa mwisho. Nyumba nyingi ziliteketea, na yake ilikuwa mojawapo. Watu tuliwatafuta mmoja mmoja mpaka jioni, na kila jina tuliloita liliitika. Papa, hatujawahi kupumua vile. Maman Asumini aliketi chini na godoro lake mgongoni, akalala palepale.

TATIZO

Ule mlango uliotuokoa haupo tena. Papa Grégoire analala chini ya bashi, turubai tu, juu ya majivu yake. Na mwenye depo ya sima amekwisha kumwaga mawe ya msingi katika ile parseli, kiwanja cha Papa Grégoire, anasema ataendeleza ukuta wake. Akiuendeleza, kichochoro chetu hakitakuwa na njia yoyote ya kutokea. Dansi yetu itaishia kwenye matofali, watoto wakiwa mbele.

Tunajua kuchekesha. Tumejifunza kutoka. Ukuta hauchekeshwi.

OMBI

Hatuombi mashati ya kamati, wala mikro mpya, wala semina hotelini. Tunaomba ukuta ule uanguke, na njia irudi kuwa njia.

Sisi wa Kikundi cha Vichekesho Toka Kwanza, Wakristo na Waislamu wa avenu moja, tunamwomba Mungu akupe umri, watoto wako wawe na mlango wa kutokea kila watakapolala, na leo akupe miguu myepesi. Vijana wenye nyundo wamesimama nyuma yako, ndio hao unaowasikia. Chakula kimefunikwa, tutakula tukirudi. Hotuba yako iweke mfukoni, Papa. Simama sasa hivi, tushuke wote hadi kwenye ukuta, na pigo la kwanza upige wewe.