Niliogopa Kupima Maji ya Kisima cha Kanisa

Bwana apewe sifa hapa Likasi, ndugu zangu, hata na mwoga anayesimama mbele yenu!

Mnanijua, ni mimi Kyungu. Kazi yangu ni kupima madini katika maabara. Nyumbani tulikuwa tunakunywa maji ya kisima cha kanisa, kile alichokiombea Papa Pasta. Mke wangu Numbi ana mimba ya miezi saba na hakutaka maji mengine. Alisema ni maji ya baraka.

Siku moja nikaona doa la kijani ndani ya ndoo yetu. Ile rangi naijua, ni ya shaba. Ndugu zangu, shaba nyingi katika maji ni sumu! Lakini nilijiambia kupima ni kumjaribu Mungu, na jibu likiwa baya, imani yangu imekwisha. Wiki tatu nilinyamaza, na Numbi akaendelea kunywa. Mwenye elimu ya kupima alikuwa mimi, na mwoga alikuwa mimi.

Mwishowe nikapima chupa moja. Jibu likatoka baya. Nikasema mashine imekosea. Sasa, kazini tuna desturi: mwenzako anagawa maji yale yale katika chupa mbili, anaandika namba, wewe hujui ipi ni ipi, kwa sababu mpimaji naye huwa na jibu analolitaka. Nikamwomba mwenzangu achanganye chupa za kisima na za maji safi. Zote mbili za kisima zilitoka mbaya, za maji safi zikatoka nzuri.

Nilienda kwa Papa Pasta na karatasi ya majibu, nikingoja kufukuzwa. Aliisoma, akaikunja.

"Kyungu, Mungu haogopake kipimo," akasema. "Ni weye na miye njo tunaogopaka."

Mchana ule ule alikifunga kisima kwa kufuli lake mwenyewe.

Ndugu zangu, nilifunguliwa! Kipimo kiliniambia maji yakoje. Habari za Mungu hakikuniambia, si kazi yake. Kile nilichokiita imani kilikuwa woga tu. Namshukuru Mungu, ingawa mtoto bado hajazaliwa. Akicheza tumboni nafurahi, akitulia naogopa. Mtuombee.

Nanyi mnaochota maji katika visima vya nyumbani, msikae kama mimi. Mwaminini Mungu, na Jumapili ijayo mlete maji yenu, kila mmoja chupa mbili, bila jina, nami nitayapima. Numbi amesema yeye ndiye atakayeandika namba.