Njia ya Asubuhi ya Marehemu Teodori Kapele

Ndugu waombolezaji, marehemu Teodori Kapele alizaliwa Mpui tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa pili wa mzee Zenon na mama Lucia. Shule ya msingi alisoma hapo hapo Mpui, sekondari hapa Sumbawanga, kisha akasomea kilimo Morogoro. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Adela.

Mwaka 1986 alipelekwa Uholanzi kusomea shahada ya uzamili ya udongo. Habari za huko alitusimulia mpaka nasi tukawa kama tumefika. Kila asubuhi alitembea kutoka bwenini hadi maktaba, chini ya miti mikubwa ya chuo, wenzake wakimpita kwa baiskeli. Na kwa malezi ya Ufipa, hakuweza kupishana na mtu kimya. Alisalimia wote, tena kwa Kiswahili. Wengi waliangalia pembeni. Mtunza bustani mmoja alijifunza kuitika "nzuri," na marehemu alipolala na homa, mzee yule alikuja bwenini kumuulizia. "Siku ile," alikuwa akisema, "nikajua kwamba na huku nina watu."

Alirejea mwaka 1988, akawa afisa kilimo mkoani kwetu hadi alipostaafu mwaka 2015.

Mwaka 2021 alianza kuugua ugonjwa wa kusahau. Majina ya wanawe yalimtoka, lakini njia ile haikumtoka. Kila asubuhi aliondoka hapa nyumbani Malangali kwenda "maktaba," akisalimia watu kwa Kiholanzi. Majirani waliitika wanavyojua, wakamgeuza taratibu kurudi nyumbani. Tunawashukuru sana.

Tarehe 11 Juni 2025, asubuhi ya upepo na baridi, alitoka, na hakurudi. Alikutwa ameketi chini ya mikaratusi ya njia yake ile, moyo umeshasimama.

Yaliyosemwa msibani tusiyafiche, maana wengi mmeyasikia. Baltazari, kaka yake mkubwa, alimwambia mjane, "Shemeji, geti lingefungwa, leo tungekuwa naye."

Adela akamjibu, "Nililifunga wiki nzima, shemeji. Alishika nondo akilia, ananiuliza kosa lake nini. Ningemfunga mume wangu mpaka lini?"

Baltazari alitoka nje. Tangu hapo hawakusemezana, hadi leo asubuhi, gari la kubebea jeneza lilipofika. Baltazari alimwambia dereva arudi nalo. Kisha akaingia ndani, akakaa mkekani karibu na mjane.

"Huyu hapandi gari," alisema. "Shemeji, utuongoze. Wewe ndiye unayejua alikuwa anapitia wapi."

Kwa hiyo tutamsindikiza kwa miguu, Adela akitangulia, na Baltazari atashika jeneza upande wa mbele.

Marehemu ameacha mjane, Adela, kaka, Baltazari, watoto watatu, Rosina, Amos na Victoria, na wajukuu. Tutakaowakuta njiani tuwasalimie, kwa kuwa leo yeye hawezi.

Umetembea vya kutosha, Teodori. Mungu akupe pumziko na amani.