Bi Misumari, Binti wa Wasiolia

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 katika kijiji cha mlimani, kitinda mimba wa fundi mawe na mkewe. Kwao walijisifu kwa jambo moja: hawalii. Mtoto akianguka, aliambiwa, "Inuka, wewe si wa bondeni." Sifa hiyo waliitembeza sokoni na harusini, hadi watu wa bondeni wakaiokota na kuigeuza: wa mlimani hawana moyo.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi 1967. Siku alipovunjika mkono mapumzikoni, alimaliza kwanza somo la hesabu ndipo akamwonyesha mwalimu. Nyumbani kisa hicho kilisimuliwa miaka nenda miaka rudi, naye alikipenda.

Mwaka 1971 alishuka bondeni kujifunza ufundi wa makochi. Alifanya kazi akiwa amebana misumari midogo midomoni, wenzake wakampa jina la Bi Misumari.

"Wa mlimani hata mdomo ni chuma," walimtania.

Aliitema kiganjani ndipo akajibu: "Chuma hichohicho ndicho kinachokukalisha, shemeji."

Tarehe 14 Agosti 1976 aliolewa na seremala aliyemuundia fremu za makochi. Mama mkwe alimnong'oneza mwanawe, "Huyu siku ukifa atakula kwanza." Seremala alifariki 2009. Kaburini marehemu hakudondosha chozi, na wakwe wakatazamana. Hawakuwapo nyumbani miezi iliyofuata, alipokuwa akifumua kiti cha mumewe na kukishona upya, akifumua tena.

Maumivu ya tumbo yalimwanza 2021. Hakumwambia mtu. Kliniki, alipoulizwa inauma kiasi gani, alijibu, "Kidogo tu," wakampa dawa kidogo.

"Nyie wa mlimani hamuumwi," nesi alisema akicheka.

"Sisi wenyewe ndio tuliowaambia hivyo," alijibu, akaenda zake. Ugonjwa ulipotambuliwa, Februari 2023, ulikuwa umeshaenea.

Mwezi uliofuata mjukuu wake aliteleza ngazini, akaja kwake amekaza midomo. Wajomba wakamsifu: damu ya mlimani hiyo. Marehemu akamvuta kifuani.

"Inauma wapi? Lia, mama. Hata bibi anaumwa, anaumwa sana."

Wakalia wote wawili. Tangu siku hiyo aliomba dawa kila alipoihitaji, akalala usingizi.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye. Ameacha binti huyo, wana wawili, wajukuu watano na kaka mmoja, fundi mawe, aliyeshuka jana kutoka mlimani. Ndiye aliyeomba isomwe hapa kwamba anayetaka kulia leo, alie, yeye ameshaanza.

Mama yetu, pumzika kwa amani.