Moyo Wangu Upimwe kwenye Mizani

Sogeeni wanangu, na wewe Falk acha kuchungulia dirishani, maana leo nasema mara moja tu na pumzi yenyewe mnaisikia ilivyo. Annegret, andika.

Nyumba ni yenu wote wawili, msiiuze kabla mwaka haujaisha. Bustani ya kando ya reli, pamoja na kibanda na miplamu yake, ni ya Annegret, kwa sababu ndiye aliyeipalilia. Ngazi iliyoko kwa jirani, Bibi Kulicke, ni yetu. Kaichukueni, hata akinuna. Medali gawaneni mtakavyo, mimi sizililii.

Sasa sikilizeni lililonikaa rohoni miaka arobaini. Mnajua nilikuwa mpiga makasia wa taifa, enzi zile nchi yetu ikiwa bado imekatwa nusu kwa ukuta, sisi huku Mashariki, na mnajua kwamba niliacha. Sikuacha. Shangazi Trude wa Hamburg, kule Magharibi, alinitumia pakiti moja ya kahawa, nami, badala ya kuipeleka ofisini kama timu ilivyotutaka tufanye kwa kila kitu cha Magharibi, nikaificha kabatini chini ya soksi. Lothar Wendisch, kocha wetu, akainusa. Siku ileile nikanyang'anywa ufunguo wa banda la mashua.

Kwa kunifukuza ningemsamehe. Lakini mwanamichezo wa kwetu hakuwa akiachishwa mazoezi ghafla. Moyo uliokuzwa kwa mazoezi tangu utotoni ulikuwa ukishushwa taratibu, miaka miwili mitatu, daktari akiuangalia kila mwezi, na Lothar alilijua hilo kuliko wote. Nilimwendea nikamwomba mashua yoyote mbovu, saa moja tu kwa siku. Akanijibu mbele ya wenzangu: "Kanywe kahawa yako, Roswitha, itakutuliza moyo." Wakacheka. Nilikimbia peke yangu msituni mpaka nikaanguka, na tangu hapo nikawa naogopa hata kupanda ngazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasimama kwenye foleni ya mkate moyo unadunda kama niko kwenye mita mia mbili za mwisho.

Ukuta ulipoanguka Lothar akaja hapa na keki, kana kwamba hakuna lililotokea. Falk, ulikuwa na miaka tisa, huna baba. Akakufundisha kushika kasia, ukawa unamwita Mjomba Lothar. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unarudi nyumbani unacheka. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Lakini leo wewe ni mwenyekiti wa klabu, na mwezi wa Mei banda lilelile linapewa jina lake, na hotuba ni yako!

Usiniambie, "Mama, sasa ni mzee." Mimi pia nilitaka kuwa mzee.

Nikifa, msiuchome mwili wangu kabla daktari hajautoa moyo wangu na kuupima kwenye mizani, karatasi nimeshasaini. Moyo wa mwanamke wa kimo changu ni gramu mia tatu hivi. Wangu, madaktari wanasema, unakaribia mara mbili. Siku hiyo ya Mei, akiwa amekaa mstari wa mbele na maua yake, utasimama, Falk, utaje jina langu, utaje kahawa, utaje maneno yake, kisha usome gramu. Soma polepole, masikio yake yamechoka. Nataka asikie. Nataka atembee kutoka kiti kile mpaka mlangoni, watu wote wakimtazama.

Annegret... mto, uinue kidogo. Hapo. Radhi yangu unayo, mwanangu, wewe na mikono yako, na wanao wakutunze kama... kama ulivyonitunza.

Falk. Usilie. Radhi yako ipo. Nimemwachia dada yako... atakupa ukishashuka jukwaani.