Mama Sindano na Mkanda Mweusi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mzee mwenye jengo hili, uliyevumilia vishindo vyetu kwa miaka kumi na sita. Wanachama wenzangu mliovaa nguo nyeupe, na wageni mliovaa zilizopigwa pasi vizuri zaidi. Ndugu na jamaa wa dada yetu tunayempongeza leo: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote karibuni sana.

Mimi kwa kazi ya mchana ni fundi bomba, kwa hiyo msitarajie maneno ya redioni. Jioni mbili kila wiki, ndani ya chumba hiki, nafundisha karate ya asili ya Okinawa, ile ya zamani isiyotafuta vikombe wala medali, na wanafunzi wangu ni watu wazima waliokwisha choshwa na kazi zao. Yupo muuguzi, yupo mwalimu wa hesabu, yupo muuza magodoro ambaye hadi leo akianguka huanguka kwa raha kuliko sisi sote. Nimeombwa nieleze jinsi fundi cherehani wa ghorofa ya chini, bibi wa wajukuu wanne, alivyofika kufunga mkanda mweusi akiwa na miaka sitini na mitatu. Nitaeleza. Ila siwezi kueleza bila kujishtaki mwenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tukifanya mazoezi mchana wa Jumamosi. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia mwanamke mwenye tepu shingoni na pini zimejipanga kifuani kama medali za jenerali. "Nani humu amefuga ng'ombe?" akauliza. "Chokaa ya dari inadondokea gauni la bibi harusi!"

Watu wakacheka. Nami, kwa kutaka kuonekana hodari, nikamwonyesha mitungi yetu miwili ya udongo iliyojazwa mchanga. Mitungi hiyo, ndugu zangu, haina mikono. Unaishika mdomo kwa ncha za vidole, unatembea nayo polepole, na siku hiyo hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyekuwa ameifikisha ukutani. Nikamwambia, "Dada, ukiifikisha hii ukutani na kuirudisha, sisi tutahamisha saa zetu."

Je, mnavijua vidole vya mtu aliyeshika mkasi wa kukatia vitambaa kwa miaka thelathini? Mimi nilikuwa sivijui. Aliinua, akaenda, akagusa ukuta kwa bega, akarudi, akaiweka chini taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha akaniuliza, "Haya, mnahamia saa ngapi?"

Tukahamia saa kumi na mbili jioni, akishafunga duka lake. Wiki iliyofuata akaja tena, safari hii kwa hodi. "Mwalimu," akasema, "mitungi nimeiona. Na hayo mengine mnafanyaje?"

Ndivyo tulivyompata Mama Sindano. Ni nani kati yetu hajawahi kushonewa suruali iliyopasuka katikati ya mazoezi, naye bado ameivaa? Ni nani hajawahi kuambiwa, "Magoti, kijana, magoti," na mtu aliyeanza baada yake? Alipanda mkanda mmoja baada ya mwingine bila haraka, na nyumbani kwake alikuwa na upinzani mmoja tu. Mume wake, dereva wa treni mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Ratiba, hakupenda kabisa. Alikuwa akisema, "Mwanamke mzima kurusha mateke! Majirani wakisikia nimeteleza bafuni, nani ataamini?" Shemeji, usiangalie chini. Uliyasema, na mashahidi wapo.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Miaka miwili iliyopita alifanya mtihani wa mkanda mweusi mbele ya mwalimu mkubwa aliyetoka mbali. Alitakiwa aonyeshe kata iitwayo Seisan, mfululizo wa mapigo na mikingo ambao mtu huufanya peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Alianza vizuri. Alipofika pa kugeuka, akasimama. Kichwa kikawa kitupu. Tulisubiri, tukasubiri, mwisho akainama kwa heshima na kutoka.

Nilimfuata kwenye ngazi. Nilidhani namwonea huruma. Nikamwambia, "Dada, umri nao una haki yake. Huo mkanda wa kahawia unakutosha."

Alikunja nguo yake mara nne, kwa ustadi uleule wa dukani, akashuka.

Mheshimiwa Diwani, maji yakimwagika hayazoleki, na fundi bomba anajua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Jumatatu hakuja. Alhamisi hakuja. Nafasi yake katika mstari wa pili ilibaki wazi, na wenzake walikataa kuijaza. Wiki ya tatu, muuguzi wetu aliniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, ulimwambia nini?" Nikawaambia ukweli. Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu, na heri wangenitukana.

Nikashuka kwenda kuomba radhi. Duka lilikuwa limefungwa, lakini taa ilikuwa ikiwaka, na kwa ndani nikasikia sauti ya kiume ikisoma: "Hatua ya sita, kinga. Hatua ya saba, geuka kulia. Hatua ya nane, pumua, usichelewe." Nikachungulia. Vyerehani vimesukumwa ukutani. Mama Sindano yuko katikati, amejaa jasho. Na aliyeshika daftari, miwani imeshuka puani, ni Bwana Ratiba! Ameiandika kata nzima kama ratiba ya treni, kila hatua na stesheni yake, na kila baada ya hatua tatu anampiga mkewe mabegani kuona kama amesimama imara.

"Dada," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea."

"Radhi nimekupa," akajibu bila kuacha zoezi. "Sasa vua viatu umrekebishe huyu mzee. Anapiga kama anabembeleza."

Mwezi uliopita akarudi kwenye mtihani. Mwalimu mkubwa yuleyule, chumba hikihiki, sisi sote kwenye mabenchi tukibana pumzi. Akaanza Seisan. Moja, mbili, tatu, hadi pale pa kugeuka. Naapa, sikuona akisita. Lakini kuna mtu aliona, au alidhani ameona, maana kwenye benchi la nyuma kulitoka sauti iliyozoea kushindana na injini: "KULIA!"

Mwalimu mkubwa akainua mkono, mtihani ukasimama. "Nani amesema?"

Bwana Ratiba akasimama. "Ni mimi, mheshimiwa. Nilisahau kwamba si mimi ninayetahiniwa. Mnifukuze mimi, msimwadhibu yeye."

Mwalimu mkubwa akamtoa Bwana Ratiba nje, akafunga mlango kwa mkono wake, kisha akamwambia Mama Sindano kwamba lililofanyika halitahesabiwa. Kama anataka, aanze upya, yote. Mtu wa miaka sitini na mitatu, aliyekwisha kutahiniwa kwa saa mbili mfululizo! Nilitaka kusimama nimtetee. Kisha nikakumbuka kwamba niliwahi kumwamulia mara moja, pale kwenye ngazi, nikakaa.

Akafuta uso kwa mkono wa nguo. Akainama. Akaanza. Ndugu zangu, nimeiona Seisan mara elfu, lakini ile sakafu ilikuwa haijawahi kukanyagwa vile. Alipofika pa kugeuka, aligeuka kama mtu anayegeuka jikoni kwake. Alipomaliza, mwalimu mkubwa alikwenda mwenyewe kufungua mlango, na nyuma ya mlango alikuwa Bwana Ratiba, viganja viwili vimeziba mdomo, machozi yakimtiririka. "Ingia, mzee," akamwambia. "Mkeo amefaulu. Na huku ndani alikuwa peke yake."

Dada yangu, mbele ya watu hawa wote, hongera. Hukunishinda mimi tu; ulinifundisha kwamba kazi ya mwalimu si kumpimia mwanafunzi mwisho wa safari yake.

Nina matangazo mawili, kisha nikae. La kwanza: kuanzia Jumatatu ijayo, darasa la wanaoanza litafundishwa na Mama Sindano. La pili, nimeombwa nisiliseme. Mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha ana miaka sabini, na amewahi kuendesha treni. Shemeji, fomu yako ninayo hapa. Imejazwa vizuri sana. Ila pale penye swali, "Ukiumia, tumwarifu nani?" umeandika: "Hamna haja. Mke wangu ndiye atakayekuwa ameniumiza."

Kwa kunipa masikio yenu na subira yenu, nawashukuru kutoka moyoni.