Elinami na Kaburi Tulilolikalia

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Sanyuanli na wageni wote, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shemeji yangu, na mtanivumilia nikikwama.

Marehemu Elinami Zebedayo Mgonja alizaliwa tarehe 11 Juni 1975 huko Same, mkoani Kilimanjaro, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari mjini Moshi, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hesabu zilimkataa na maua yakamkubali. Alifanya kazi bandarini Dar es Salaam hadi mwaka 2006, alipokuja hapa Guangzhou, China, kufanya kazi kwa wakala wa mizigo katika jengo la Tianxiu, na tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na kaka yangu Revocatus, wakajaliwa watoto wawili, Careen na George.

Mwaka 2014 alianzisha matembezi ya majira ya kuchipua, akitutoa kwenye maboksi yetu ya mizigo kila Jumapili na kutupeleka pwani ya Nansha na vilima vya kaskazini mwa Baiyun kutazama maua ya pori, na ole wake aliyechuma ua, maana angelibeba mkononi hadi nyumbani huku akisemwa kila kona. Wengi wetu, tuseme ukweli, tulifuata pilau.

Ijumaa tarehe 5 Aprili 2019 ilikuwa Qingming, siku ambayo wenyeji husafisha makaburi ya wazee wao, nasi tuliijua tu kama siku ya ofisi kufungwa. Kilimani tulikuta kibaraza cha saruji cha nusu duara, nyasi zimekifunika, maua mekundu pembeni, tukafurahi kupata pa kukaa, tukatandika khanga, tukatundika masweta kwenye jiwe la katikati, tukala kuku, tukawasha muziki. Lilikuwa kaburi. Wenyewe walipotokea na majembe, udi na nguruwe wa kuchoma, mbele yao Bibi Chen, ambaye mumewe amelala pale, sisi tulikusanya vitu vyetu tukateremka mbio, wengine tukicheka kuficha aibu, na Elinami akabaki peke yake. Bibi Chen hakumfokea, alimwonyesha tu mifupa ya kuku kwa kidole, naye akapiga magoti, akaiokota yote akaitia kwenye mkoba wake, kisha akaomba jembe akapalilia pamoja nao. Aliporudi jioni hakutugombeza, na afadhali angetugombeza.

Tangu hapo, ukiacha mwaka wa korona, kila Qingming ilipokaribia alipanda kupalilia kaburi la mtu asiyemjua, na kila mara alituomba twende naye tukaombe radhi, tukamjibu kwamba kontena linafungwa, kwamba laoban, yaani bosi, amepiga simu, kwamba yule bibi ameshasahau. Mwaka huu, akiwa tayari anaumwa saratani ya ini iliyogunduliwa Oktoba 2024, tulimwahidi kupanda naye Jumapili tarehe 2 Machi, akavaa viatu vyake vya kupandia, akakaa sebuleni akitusubiri hadi mchana, na hakufika hata mmoja wetu, mimi ninayesoma hapa nikiwamo. Siku ya pili yake alilazwa, na alifariki dunia alfajiri ya Jumatano tarehe 19 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuwaangalia watoto, wafanyakazi wenzake wanaoshughulikia safari ya mwili hadi Same, na Bibi Chen, aliyekaa pale safu ya nyuma, ambaye alikuwa akimpelekea uji wa mchele hospitalini bila sisi kujua. Asubuhi hii ametuuliza Elinami atazikwa wapi, na tulipomwambia ni mbali sana, akauliza ni nani basi atakayempalilia.

Ijumaa tarehe 4 Aprili, siku ya Qingming, tutapanda kilima kile, bila muziki wala chakula, kila mmoja na jembe lake, na anayeona aibu aje vilevile.

Shemeji Elinami, mifupa ile ilikuwa yetu, nawe ukaiokota peke yako. Pumzika kwa amani, aibu hii sasa tuachie wenyewe.