Inchi Tano Kiunoni

Bwana asifiwe, wamama. Mwenyekiti amenipa muda mfupi, na mnajua mimi nikishika maneno siyaachi. Nivumilieni.

Mnanijua, mimi ni fundi wa nguo pale Otonglo. Kazi ya cherehani inaua mgongo. Kila asubuhi nilikuwa nameza tembe mbili za maumivu na chai ya rangi, bila kula kitu, halafu naanza kushona. Nilienda hivyo miezi mingi.

Mwaka jana tumbo likaanza kunichoma hapa, chini ya kifua. Sasa mimi ni mtu wa kudadisi, nikaanza kumtafuta mchawi kwenye sahani. Wiki moja naacha maharagwe, nyingine pilipili, nyingine omena, maskini visamaki vya watu. Kila nikiacha kitu ninatulia siku mbili, nasema leo nimempata. Siku ya tatu uchungu umerudi. Tena nikila vijiko vitano nimeshiba.

Halafu choo kikawa cheusi. Samahani, tuko wamama peke yetu, wacha niseme. Cheusi na cha kunata. Nikasema ni osuga, maana ile mboga naipenda na ikiiva inakuwa nyeusi. Nikaacha osuga wiki nzima. Choo kikabaki vile vile.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo udadisi wote uliniisha. Lilibaki swali moja na nililiogopa. Mama yangu mzazi alikufa kwa tumbo, na hadi leo hakuna anayejua lilikuwa tumbo gani. Nikaendelea kushona, sikumwambia mtu.

Tukapata kazi ya kushona sare za kwaya, na mimi pia naimba. Mwenzangu wa kibandani akanipima kiuno, akaangalia daftari la vipimo vya mwaka uliopita, akanipima tena.

"Inchi tano zimeenda wapi?"

Nikamwambia ni jua, ni kazi, ni mawazo. Hakubishana na mimi. Alifunga kibanda mchana kweupe, wateja wakiangalia, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada wa umri wa binti yangu. Aliuliza maswali kunishinda mimi: tangu lini, umekonda, choo rangi gani, unameza dawa gani. Nilipotaja tembe za mgongo, akaacha kuandika, akaniangalia. Walipima damu wakakuta imepungua sana, wakanilaza. Kesho yake wakapitisha mrija wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Nikaomba nione picha, ningeachaje? Kidonda kilikuwa kinavuja damu, ndiyo iliyofanya choo kiwe cheusi. Wakakata kipande kidogo wakapime kama ni saratani.

Kungoja yale majibu, haki, sitaki kukumbuka. Haikuwa saratani. Kidonda kililetwa na bakteria, na zile tembe zikakizidisha. Nililia mbele ya yule dada mpaka nikaona aibu.

Mwenzangu amekaa hapa, msimwangalie. Asante, mama. Na asante kwenu mliopika uji nikiwa nimelazwa.

Mimi nilikuwa nabadilisha mboga huku navuja damu. Tumbo likikusumbua wiki baada ya wiki, ukikonda bila kutaka, ukishiba upesi, nenda upimwe. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi, nenda siku hiyo hiyo.

Dawa nimemaliza, na Jumanne narudi hospitali kuona kama bakteria wameisha. Najua kuna mmoja hapa anayeficha, maana mimi nilificha nikiwa nakuja kikao kila wiki. Naondoka nyumbani saa mbili asubuhi. Njoo twende pamoja. Sitakuuliza kitu.